Tope Chini ya Breketi

Ufunguo uligoma, ukagoma tena, ndipo kufuli ikafunguka. Hata hapo Wayua hakuusukuma mlango. Alibaki ameshika komeo, shingo imegeukia njia waliyopitia.

"Ukiingia, ingia haraka," alisema. "Na ukiulizwa, hukuniona."

Mbithe aliingia. Wayua akamfuata, akaurudisha mlango hadi ukabaki mwanya mwembamba, kisha akasimama hapo penye mwanya, jicho moja nje.

Nje ilikuwa asubuhi kama zote. Jogoo Road ilinguruma upande mmoja, reli ilikuwa kimya upande wa pili, na katikati mafundi wa mabati walikuwa wakigonga masanduku na milango. Ndani ya karakana ya Muoki hapakuwa na mlio wowote. Palikuwa na meza ya kazi, mapipa, rundo la matairi, na katikati ya sakafu kitu kilichofunikwa turubai la bluu.

"Ni hiyo?"

"Ni hiyo. Angalia uende, dada. Tafadhali."

Mbithe alikuwa askari polisi kwa miaka mingi, kitengo cha kukagua magari yaliyopata ajali. Siku hizi aliwafanyia mawakili upelelezi. Wakili wake safari hii alikuwa Celine, na mteja wa Celine alikuwa Gordon, nahodha wa Neema Tele, mashua ya abiria iliyozama Ziwa Victoria mwezi uliopita na watu ndani. Gordon aliokolewa na wavuvi. Wiki hiyo hiyo akatiwa rumande. Mwenye mashua, mzee Mulongo, alikuwa ameandikisha taarifa kwamba nahodha aliikimbiza injini kupita kiasi mpaka ikatikisa mashua na kupasua bomba la maji, ilhali mita ya mizunguko ilikuwa mbele ya macho yake, mshale umelala kwenye nyekundu. Gordon alikuwa na jibu moja tangu siku ya kwanza: mashua ile haikuwa na mita. Aliiomba, akanyimwa.

Kesi nzima ilikuwa hapo. Kama mita ilikuwepo, watu waliuawa na ukaidi wa nahodha. Kama haikuwepo, aliyewaua alikuwa mwingine.

Injini ilipovutwa kutoka ziwani, iliachwa mikononi mwa Mulongo kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka, mpaka itakapohitajika mahakamani. Hakuna aliyejua imesafirishwa Nairobi. Kisha jana, mwanamume asiyejitaja alimpigia simu Winny, mke wa Gordon, akiwa nyumbani kwake Buruburu. "Injini ya mumeo iko kwa Muoki, huku nyuma ya reli," alisema. "Waiangalie kabla haijaondoka." Akakata. Asubuhi hii Wayua, mke wa Muoki, alikubali kumfungulia Mbithe karakana.

Mbithe alishika ukingo wa turubai, lakini hakulivuta bado.

"Muoki yuko wapi?"

"Alienda nyumbani Kitui," Wayua alisema bila kugeuka. "Kuna matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya mjomba wake."

"Anaitwa nani huyo mjomba?"

Wayua alizidi kuchungulia nje. Mbithe alitazama meza ya kazi. Spana zilikuwa zimetandazwa juu ya gunia kufuata ukubwa wao, na katikati pengo moja. Spana iliyokosekana ilikuwa sakafuni, karibu na turubai, mahali ilipoanguka.

"Fundi anayesafiri kwenda matanga hukusanya spana zake," Mbithe alisema. "Huyu aliiangusha moja akaondoka bila kuiokota. Alikimbia, Wayua. Alimkimbia nani?"

"Angalia injini yako uende!"

Sauti yake ilipasuka. Mbithe alivuta turubai.

Ilikuwa injini ndogo ya dizeli, ya silinda tatu, rangi yake ya kijani imevimba na kumenyuka. Ilikuwa imelala chini ya maji siku kadhaa kabla ya kuvutwa, na ziwa lilikuwa bado juu yake: tope la kijivu, jepesi kama unga, limekaukia kwenye kila pembe na kila tundu, na ndani ya tope hilo makombe ya konokono wadogo sana. Mbithe alitoa simu, akaanza kurekodi video. Alianza na bamba la nambari ubavuni, akaisoma nambari kwa sauti, akailinganisha na ile aliyopewa na Celine. Zilikuwa moja.

Bila kuzima simu, akazunguka nyuma.

Karibu na flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, palikuwa na breketi, kipande cha chuma kilichokunjwa kama kiwiko. Juu ya breketi palikuwa na sensa, ambayo kazi yake ni kuhesabu meno ya flaiwili yanapopita. Nyaya mbili zilitoka kwenye sensa. Mmoja ulifika kwenye mita ya duara iliyofungwa kwenye ubao. Wa pili ulining'inia hewani, ncha yake imemenywa, haujafungwa popote.

"Hakumaliza," Mbithe aliiambia simu.

Breketi nayo ilikuwa na tope. Mtu mwenye haraka angeridhika. Lakini tope la breketi lilikuwa jeusi, zito, lile lile ambalo Mbithe alikuwa amelikwangua kwenye viatu vyake alipofika mlangoni. Udongo wa Eastlands, wa hapa Nairobi. Mtu alikuwa amelipaka kwa kidole; alama za kidole zilionekana.

Akaisogelea mita. Kioo kilikuwa na ukungu, na kwenye ukingo wa chuma palikuwa na ungaunga mweupe. Aligusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

Chumvi.

Alisimama hivyo kidogo, kidole bado mdomoni. Watu wa kule huyachemsha maji ya ziwa wakapikia chai. Mita iliyozama ziwani haitoki na chumvi. Aliyeizeesha mita hii aliitumbukiza kwenye maji ya chumvi ili ishike kutu upesi, wala hakufikiria zaidi ya hapo.

"Wayua, nahitaji kuifungua hii breketi."

"Hapana! Ulisema kuangalia."

"Ni bolti mbili."

Aliokota ile spana ya sakafuni. Ilitoshea. Akaiegemeza simu kwenye tairi ili iendelee kurekodi, akalegeza bolti moja, akalegeza ya pili, akaiinua breketi polepole kama mtu anayeinua plasta kwenye kidonda.

Chini yake palikuwa na tope la kijivu. Lilikuwa limebanwa likawa bapa, na konokono mmoja alikuwa amepondwa katikati, vipande vyake vikiwa bado pamoja.

Tope lilitangulia, chuma kikafuata. Injini ilikwenda chini ya ziwa bila breketi hii.

"Gordon alisema kweli," Mbithe alinong'ona.

"Kuna gari," alisema Wayua.

Mbithe aliinua kichwa. Mlio wa gari lililokuwa likirudi nyuma ulikuwa ukikaribia kati ya vibanda, na mtu alikuwa akilielekeza kwa kupiga makofi kwenye bodi.

"Ni wao. Mungu wangu, ni wao. Rudisha! Rudisha!"

Mbithe aliirudisha breketi juu ya tope lile lile, bila kuligusa, akaingiza bolti ya kwanza. Vidole vyake, vilivyofungua mamia ya injini zilizopondeka barabarani, vilikataa kulenga tundu. Bolti ya pili ilimponyoka, ikabingirika chini ya injini. Alilala kifudifudi, akapapasa gizani, akagusa mafuta, akagusa waya, akaigusa. Gari likasimama. Mlango wa gari ukafungwa. Akaizungusha bolti kwa vidole hadi ikakataa, akavuta turubai, akaichukua simu na kuisukuma ndani ya blauzi.

Mlango wa karakana ulifunguka.

Aliyeingia alikuwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yake walisimama wanaume wawili wenye glavu, na mmoja alibeba mkasi wa kukatia kufuli. Kijana alimtazama yule mwenye mkasi, akacheka kidogo.

"Rudisha hiyo, hatuihitaji. Mama Kyalo ametufungulia. Niaje, mama Kyalo?"

"Poa, Austine," alisema Wayua.

"Na huyu?"

"Binamu yangu."

"Natafuta injini ya posho mill, ya kusagia mahindi," Mbithe alisema. "Niliambiwa Muoki huwa nazo."

"Hii si ya posho mill."

"Nimeona."

"Umeona?" Austine alilitazama turubai, kisha mikono ya Mbithe. Ilikuwa imejaa grisi, na kwenye kucha tope la kijivu. Alitoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa vizuri, akamnyooshea. "Jipanguse, madam. Hii kitu ni chafu sana."

Mbithe alikipokea. Hakuwa na la kufanya ila kujipangusa, naye Austine akamngoja kwa adabu mpaka amalize, akakichukua kitambaa, akakikunja tena na kukirudisha mfukoni.

"Unakaa wapi, tukipata ya posho mill nikuletee?"

"Donholm."

"Donholm ni kubwa."

"Ukifika, uliza."

Austine alitabasamu. Akawaashiria wale wawili. Waliinyanyua injini na turubai lake, wakaitoa nje wakiguna, na Mbithe akasimama kando ya matairi akiutazama ushahidi wake ukipakiwa kwenye pikapu. Angewazuia vipi? Hakuwa na kitambulisho cha polisi tena wala amri ya mahakama.

Mlangoni, Austine aligeuka.

"Muoki amepiga simu?"

"Bado," alisema Wayua.

"Akipiga, mwambie fundi mwingine atamalizia kazi. Hakuna ubaya. Na umwambie Kyalo anakua. Nilimwona jana akitoka shule, na ule mfuko wake wa kijani."

Pikapu iliondoka. Wayua aliteremka polepole hadi akakaa sakafuni, mgongo ukiwa umeegemea mlango.

Mbithe alichuchumaa mbele yake. "Nisikilize. Nenda shuleni sasa hivi. Usipitie nyumbani. Mchukue Kyalo, uende mahali penye watu wengi unaowajua. Una mahali?"

"Kanisani. Leo akina mama wako kwenye maombi."

"Kaa nao. Usikae peke yako hata kidogo. Na uniambie kitu kimoja tu. Mita ile ilinunuliwa wapi?"

Wayua alijiinua kwa kushika mlango. "Eastleigh," alisema. "Kwa Abdiqadir wa vipuri, First Avenue. Muoki sijui aliko. Naapa."

Mbithe alimtumia Celine video nzima kabla hajavuka Jogoo Road. Wakili alipiga simu papo hapo.

"Nakwenda kuomba amri injini ishikwe kama ilivyo," Celine alisema. "Lakini watasema tope linaweza kuingia popote, na kwamba wewe ndiye uliyeifungua. Nahitaji mkono ulioifunga, Mbithe. Mtu mwenye jina."

"Namtafuta."

"Wamekuona?"

"Wameniona."

"Basi tafuta haraka."

Duka la Abdiqadir lilikuwa chini ya jengo refu, katikati ya maduka ya mazulia na ya vyombo. Juu yake palikuwa na vyumba vya kulala wageni, na ngazi za kupandia zilianzia ndani kabisa ya duka, nyuma ya kaunta. Mwenyewe alikuwa mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, akiwahudumia wateja watatu kwa wakati mmoja bila kumkasirisha hata mmoja. Mbithe aliingoja zamu yake. Kila mwanamume mwembamba mwenye shati jeupe aliyepita barabarani alimfanya ageuke.

"Assalamu alaykum, mzee."

"Waalaykum salaam, mama. Nikupe nini?"

Alimwekea simu mbele, picha ya mita imejaza kioo. "Hii uliiuza wewe?"

"Mimi sijui hiyo."

"Hujaitazama."

Abdiqadir aliitazama. "Sijui hiyo."

"Fundi anaitwa Muoki. Mrefu, Mkamba, ana karakana nyuma ya Buruburu."

"Mafundi ni wengi, mama. Mimi nauza, wao wanaenda."

Alisema hivyo huku mkono wake ukisogeza kitu kando ya kaunta, mbali na macho ya mgeni. Lilikuwa hotpoti kubwa la kuwekea chakula, lililofungwa kwa leso. Mbithe aliinama kidogo. Harufu ilikuwa imepenya kwenye kitambaa, na hakuna Mkamba angeikosea: mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, yakachemshwa na mbaazi mpaka yakalainika.

"Mzee, wewe hula muthokoi?"

"Chakula ni chakula."

"Hiki hakipikwi First Avenue. Kimetoka jikoni kwa mwanamke wa Ukambani, asubuhi na mapema, na mwanamke huyo ameniapia hajui mume wake aliko." Alishusha sauti. "Mimi si wao. Wao walikuwa karakanani asubuhi hii, wameichukua injini. Mpandishie chakula chake, mwambie Mbithe anatoka kwa Winny. Akikataa, nitaondoka."

Mzee alimwangalia usoni. Kisha akanyanyua hotpoti, akapanda ngazi. Aliporudi alisogea tu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kupita.

Mlango wa chumba ulifunguliwa kidogo, ukakwama. Kitanda kilikuwa kimesukumwa kuukinga. Mbithe alijipenyeza kwa ubavu.

Muoki alikuwa amesimama ukutani, upande ambao dirisha halingeweza kumwona. Alikuwa mwanamume mkubwa, mabega ya mtu anayebeba giaboksi peke yake, lakini macho yake yalikuwa mekundu na hakuacha kuutazama mlango.

"Kyalo?" ndilo neno lake la kwanza.

"Mama yake amekwenda kumchukua. Watakuwa kanisani."

"Amewaona? Austine amewaona?"

"Amekuja akaondoka. Hakumgusa mtu. Kaa, Muoki."

Hakukaa.

"Ni wewe uliyempigia Winny," Mbithe alisema.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Nilisikia kesi kwenye redio." Alijipangusa uso. "Dada, mimi nilidhani ni kazi tu. Austine, kijana wa mzee Mulongo, alileta injini akasema mzee anataka iwekwe mita, iuzwe. Injini ilikuwa imezama, nikasema itafunguliwa yote kwanza, ioshwe. Akasema hapana, usioshe. Funga mita juu ya uchafu hivyo hivyo. Nikashangaa, lakini nikafunga. Halafu akaniletea beseni la maji ya chumvi nitumbukize mita. Nikamwuliza, sasa mita mpya unaiharibu kwa nini? Akasema ndivyo mnunuzi anavyotaka. Nilikuwa nimebakiza waya mmoja, redio iko hapo mezani, nikasikia: nahodha wa Neema Tele, mashua ya Mulongo, anakana kwamba mashua ilikuwa na mita. Spana ilinitoka mkononi."

"Ukafanya nini?"

"Nikampigia Austine. Nikamwambia sitamaliza. Hakunitukana. Akanitumia picha ya Kyalo langoni mwa shule." Aliutazama mlango tena. "Picha tu. Bila neno."

"Utayasema haya mahakamani?"

"Hapana."

"Muoki."

"Hapana! Nilipiga simu ili muione wenyewe. Umeiona. Nimefanya yangu. Mimi ni fundi, nina mke, nina mtoto, sina askari wa kunilinda mlangoni." Alimsogelea. "Na wewe umefikaje hapa? Nani anajua umekuja?"

Mbithe alifungua mdomo amwambie hakuna. Kutoka chini ikapanda sauti ya Abdiqadir, kubwa kuliko ilivyohitajika kwa mteja yeyote.

"Karibu, karibu, kijana! Mita gani unataka? Wewe na mwenzako, karibuni nyote!"

Kisha sauti nyingine, ya upole. "Hatutaki mita, mzee. Kuna madam ameingia hapa. Tunamngoja tu."

Muoki alimgeukia Mbithe. "Umewaleta," alisema, karibu bila sauti. "Walikuwa hawajui. Umewaleta wewe."

Ilikuwa kweli. Hawakuwa na haja ya kumtafuta Muoki. Walimwacha Mbithe amtafute, wakamfuata. Miaka yote ya kazi, na alikuwa amegeukageuka dukani kama mwizi badala ya kuangalia barabarani alipokuwa akija.

"Kuna njia nyingine ya kutoka?"

"Dirisha. Kuna kibaraza, halafu uchochoro nyuma. Hakuna mtu hupita."

Muoki alikwisha kulifikia dirisha. Mbithe alitazama chini juu ya bega lake. Uchochoro ulikuwa mwembamba, mapipa ya taka, kuta pande zote. Mwishoni kabisa, mwanamume mwenye glavu alikuwa ameegemea ukuta.

Muoki alirudi nyuma akajikwaa kwenye hotpoti. "Wako pande zote."

"Ndiyo. Lakini pale nyuma yuko peke yake, na hakuna mtu wa kuona." Mbithe aliwaza kwa sauti, kama alivyokuwa akiwaza zamani mbele ya magari yaliyopondeka, hatua baada ya hatua. "Wanakutaka unyamaze. Ukitoroka, watakutafuta kesho, na keshokutwa. Ukinyamazishwa uchochoroni, basi. Lakini ukishasema, kukunyamazisha kuna faida gani tena? Na kule mbele kuna barabara nzima ya watu."

"Unataka nishuke pale alipo?"

"Nataka ushuke niwe mbele yako."

"Siwezi."

"Hata mimi sijui kama naweza." Mbithe alishika ukingo wa kitanda. "Lakini hapa ndani hatuwezi kukaa."

Walisukuma kitanda. Wakashuka.

Austine alikuwa ameegemea kaunta, na mwenzake amesimama kwenye mlango wa duka. Alipowaona wote wawili, tabasamu lilimtanda usoni.

"Muoki, bro. Tulikuwa na wasiwasi. Twende tuongee kwa gari."

Muoki alisimama kwenye ngazi ya mwisho. Mbithe alihisi pumzi yake shingoni, ya haraka, ya joto. Kwa muda alidhani atarudi juu.

"Mita ya Neema Tele," Muoki alisema. Sauti ilitoka kama kikohozi. Wateja waliendelea na bei zao.

"Bro, acha."

"Mita ya Neema Tele niliifunga mimi!" Sasa alipiga kelele, na duka zima likageuka. "Mimi, Muoki, fundi wa Buruburu! Niliifunga hapa Nairobi, mashua ikiwa imeshazama na watu wamezikwa! Mulongo na huyu kijana waliniagiza! Mita iliuzwa na mzee huyu hapa, muulizeni! Nahodha amefungwa bure!"

Simu zilikuwa zimekwisha kuinuliwa, kwanza moja, kisha nyingi. Mwanamke wa duka la mazulia alisogea mlangoni kuona, nyuma yake wengine. Mwenzake Austine alijikuta amesimama katikati ya watu, wakimsukuma kwa mabega ili warekodi vizuri.

"Ni kweli, mzee?" mtu aliuliza.

Abdiqadir alimtazama Austine, akamtazama Muoki.

"Wallahi nilimuuzia," alisema. "Mwezi huu. Ilikuwa mpya, kwenye boksi." Halafu akaita kitu kwa Kisomali kuelekea maduka ya jirani, na wanaume wakaanza kutoka, bila haraka, wakijipanga mlangoni.

Austine hakuacha kutabasamu. Aliinua mikono kidogo, viganja mbele, kama mtu anayeonyesha hana kitu. Akamsogelea Mbithe kwa hatua moja, karibu kiasi cha kunusa sabuni ya shati lake.

"Donholm," alisema taratibu. "Nitauliza."

Akapita katikati ya watu, na watu wakampisha.

Muoki alikaa juu ya mzigo wa mazulia mlangoni kwa jirani. Mbithe alimpigia simu mkewe, akampa aongee. Wayua alipokea mara moja. Nyuma yake wanawake walikuwa wakiimba.

"Kyalo yuko?" Muoki aliuliza. Akasikiliza. Akafunika macho kwa kiganja. "Mshike mkono. Usimwachilie hata akilia."

Celine alifika mwenyewe, mkoba begani, viatu vya mahakamani vimejaa vumbi. Amri ilikuwa imetoka. Injini ilikuwa imeshikwa kwenye kizuizi cha polisi njiani kuelekea magharibi, dereva akiwa peke yake, bado na turubai lake. Video ya dukani ilikuwa imemfikia kabla hajashuka kwenye teksi. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa mbele ya Muoki, akafungua kalamu.

"Ulichosema mbele ya watu ni kelele," alimwambia kwa upole. "Nikikiandika ukakitia sahihi, ni ushahidi. Nitaomba ulinzi wa familia yako leo leo, lakini sitakudanganya kwamba wataacha kukutisha. Una hakika?"

Abdiqadir alikuwa amemletea chai. Muoki aliishika glasi kwa mikono miwili. Alitazama barabara, mashati meupe yaliyopita, moja baada ya jingine.

"Huyo nahodha," alimuuliza Mbithe. "Huko rumande, analala?"

"Mkewe anasema halali. Anawasikia wale watu majini."

Muoki aliiweka glasi chini.

"Andika," alimwambia Celine.